Daftari la Madeni

Ami Shekuwe alitaka kulitupa.
Lina kombamwiko, alisema, na waliomo wote wamekufa,
utamdai nani?
Nyumba ya Kibokoni ilikuwa inauzwa,
sufuria zimekwisha kugawanywa.
Mimi niliambulia kinu kisicho mchi
na daftari hili, jalada la kaki,
limefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.

Nilikuwa na miezi minane sijaandika.
Mchana naandika ankara za makontena Kilindini,
vigae, matairi, mitumba marobota mia mbili,
hayo hayahesabiki.
Nasema kule kuandika kwingine,
kulikokoma siku niliyosoma hadithi yangu ukumbini Tononoka
na mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza, kwa upole,
meno yote nje:
"Na nani alikusahihishia, mwanangu?"
Watu walicheka kidogo. Kidogo tu.
Kicheko kidogo ni mwiba wa changu kooni:
huuoni, na kila ukimeza upo.

Daftari ni hati za Kiarabu, Kiswahili cha dirishani.
Nyanya Mwanashee aliuza mkate wa sinia na achari
kupitia nondo za dirisha, miaka thelathini.
Chuoni nilifunzwa herufi hizo kwa bakora,
nikazisahau kwa hiari.
Sasa nasoma kwa kidole.
"Baba, ratili mbili," nasoma, nashtuka,
nani huyu alimuuza babake?
Kumbe papa. Papa mkavu.
Ba na pa, hati zile huzivisha nguo moja.

Tima wa Kuze, achari, senti hamsini. Kalipa.
Abudi seremala, mkate, mkate, mkate. Hajalipa.
Halafu, chini ya Abudi, kwa wino uleule,
bila hata kuruka mstari:

    Mkono umenukiya, hiliki na karafuu
    Kalamu naishikiya, wenzangu walele juu
    Neno likinijiliya, huliona ni nafuu

Kisha: Somoe, mkate nusu. Atalipa Ijumaa.

Mshororo wa nne hakuna.
Nimelipekua daftari lote, hata ndani ya jalada.
Somoe alibisha, nadhani,
Somoe wa haraka, mtoto kiunoni,
na nyanya akauweka ubeti kando
kama mtu aepuavyo chungu akaitikie hodi,
akijua atarudi.

Nilikaa naye miaka kumi na tisa.
Nilijua anavyofumba jicho moja akionja chumvi.
Hili sikulijua.
Tulimsikia jikoni akisema, "Ngojeni, naandika,"
nasi tukanawa mikono, tukangoja sinia.

Hakuna aliyemsahihishia.
Kwenye karafuu alikosea, akafuta kwa kidole wino haujakauka;
alama ya kidole ipo.
Nimeweka changu juu yake.
Chake kilikuwa kinene.

Leo Jumanne, stima zimepotea Mikindani yote.
Nimeegemeza simu kwenye kinu, inimulikie,
najaribu kummalizia.
Nimeandika mshororo wenye bahari, nikaufuta;
yeye bahari aliisikia tu, nyuma ya nyumba za watu.
Nimeandika mmoja wenye hasira,
nikamwona yule mzee anaingia nao,
nikaufuta upesi: humu hakai mtu asiyenunua kitu.
Mizani inakuja saba. Inakuja tisa.
Nahesabu kwa vidole, nakosea, nacheka peke yangu gizani,
na tangu Tononoka
ni mara ya kwanza kukosea kuwe kutamu.

Basi palepale, chini ya Somoe,
kwa kalamu ya kampuni na herufi zangu za kitoto,
nimejiandika nami:

Mjukuu, mshororo mmoja.
Atalipa Ijumaa.